Rais aliyekatwa taya ndani ya boti, na wenzake walioficha maradhi

Msomaji anauliza: "Nimesikia zaidi ya mara moja kwamba rais mmoja wa Marekani alipasuliwa kwa siri akiwa majini, akatolewa sehemu ya taya, na wananchi hawakujua mpaka alipofariki. Ni kweli au ni maneno ya vijiweni? Kama ni kweli, mtu anayetazamwa na nchi nzima anafichaje jambo kubwa namna hiyo? Na je, leo kiongozi anaweza kufanya hivyo akafanikiwa?"

Ni kweli, ndugu msomaji, ila ulivyosimuliwa kumekosewa mahali pamoja. Siri ilivuja miezi miwili tu baada ya upasuaji, ikaandikwa gazetini kwa undani wote, na karibu kila neno lilikuwa sahihi. Watu walisoma, kisha hawakuamini.

Rais huyo ni Grover Cleveland. Aliapishwa kwa muhula wa pili tarehe 4 Machi 1893, na kabla hajakaa vizuri kitini uchumi ukaanza kuporomoka. Benki zilifungwa, makampuni ya reli yakafilisika, dhahabu ya hazina ikawa inatoka kuliko inavyoingia. Cleveland aliamini chanzo ni sheria ya mwaka 1890 iliyoilazimisha serikali kununua madini ya fedha kila mwezi, akataka Bunge liifute. Makamu wake, Adlai Stevenson, alikuwa karibu na kambi iliyoitaka sheria hiyo ibaki. Sasa fikiria wenye mitaji wasikie kwamba rais ana saratani na huyo makamu anasubiri mlangoni.

Wakati huohuo rais alikuwa anapitisha ulimi kwenye kaakaa, upande wa kushoto, na kukuta mahali palipokwaruza. Tarehe 18 Juni Dkt. Robert O'Reilly alimtazama, akaona kidonda chenye kingo zisizo nzuri. Kipande kidogo kilikatwa kikapelekwa maabara bila jina la mgonjwa, na majibu yakaelekea kwenye saratani. Rafiki yake wa siku nyingi, daktari mpasuaji Joseph Bryant, alishauri uvimbe utolewe bila kuchelewa.

Sababu ya usiri haikuwa uchumi peke yake. Miaka 8 kabla, Julai 1885, rais mstaafu Ulysses Grant alifariki kwa saratani ya koo huku waandishi wakimfuatilia hadi siku ya mwisho, na rais wa nchi wakati huo alikuwa Cleveland huyuhuyu. Kabla ya hapo kuna James Garfield, aliyepigwa risasi kituo cha treni cha Washington tarehe 2 Julai 1881. Garfield alikaa siku 79 kitandani, taarifa za mapigo na joto la mwili wake zikibandikwa hadharani kila siku, huku madaktari wakiingiza vidole visivyooshwa kwenye jeraha kuitafuta risasi. Mvumbuzi Alexander Graham Bell aliletwa na kifaa chake cha kunusa chuma. Kikashindwa, kwa sababu kitanda kilikuwa na springi za chuma na pia kwa sababu daktari mkuu, Willard Bliss, aliruhusu upande wa kulia tu upimwe. Risasi ilikuwa upande wa kushoto. Garfield alikufa Septemba kwa usaha na sumu ya damu. Cleveland hakutaka kuwa mgonjwa wa hadhara wa tatu.

Mpango ulikuwa huu. Jioni ya tarehe 30 Juni, siku ileile alipolitangazia Bunge kikao cha dharura cha Agosti, rais alipanda treni kwenda New York, akaingia kwenye boti ya starehe iitwayo Oneida, mali ya rafiki yake Elias Benedict. Hapo hapakuwa na la kushangaza, maana alikwishasafiri ndani yake mara nyingi kwenda kuvua samaki. Madaktari nao waliingia kutoka magati tofauti, mmojammoja. Asubuhi ya tarehe 1 Julai boti ilipopita mbele ya hospitali ya Bellevue, Bryant aliwataka wenzake washuke chini wasionekane, kwa sababu pale ufukweni palijaa madaktari waliowafahamu kwa sura.

Chumba cha chini kilisafishwa kwa dawa, vyombo vikachemshwa, kiti kikubwa kikafungwa kwenye mlingoti ili kisitikisike. Taa ilikuwa balbu moja ya betri. Mgonjwa alikuwa na miaka 56, mnene, shingo fupi, amechoka kwa miezi ya kazi. Mtu wa umbo hilo nusukaputi ndiyo inayomtia hatarini kuliko kisu, kwa hiyo Dkt. Edward Janeway alipewa kazi moja tu ya kushika mapigo. Daktari wa meno Ferdinand Hasbrouck alianza na naitrasi oksaidi, gesi ambayo usingizi wake ni wa muda mfupi, akang'oa meno mawili ya juu kushoto ili kufungua njia. Ndipo ikaingia etha, dawa ya usingizi mrefu zaidi, na Bryant akaanza kukata akisaidiwa na William Keen wa Philadelphia.

Kila kitu kilipitia mdomoni. Keen alikuwa na kishikio cha kuvutia shavu alichokinunua Paris mwaka 1866, na hicho ndicho kilichowaepusha kupasua uso. Shavu likikatwa kwa nje, kovu linabaki na maswali yanaanza. Walitoa sehemu kubwa ya taya ya juu kushoto pamoja na kipande cha kaakaa, wakakuta uvimbe umeingia hadi kwenye uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu. Sakafu ya mfupa inayobeba jicho waliiacha makusudi, kwa sababu ikiondoka jicho hushuka na uso hubadilika. Kazi nzima ilichukua kama saa moja na nusu. Tundu likajazwa shashi. Yale masharubu mazito ya rais, yaliyojulikana nchi nzima, yalibaki vilevile.

Tarehe 5 Julai alishuka kwa miguu yake kwenye nyumba yake ya mapumziko ya Gray Gables, Massachusetts. Waziri wa Vita, Daniel Lamont, aliyekuwa naye safarini, aliwaambia waandishi kwamba rais anasumbuliwa na baridi yabisi, na kwamba ameng'olewa meno mabovu. Meno kweli yaling'olewa. Tarehe 17 Julai walirudi kwenye boti wakaondoa tishu kidogo ambayo Bryant aliitilia shaka.

Lililobaki lilikuwa sauti. Mtu mwenye tundu kwenye kaakaa hatamki vizuri, maneno yote yanatokea puani na chakula nacho kinapanda. Daktari wa meno Kasson Gibson alimtengenezea kipande cha mpira mgumu kilichoziba tundu na kunyanyua shavu lisibonyee. Akikivaa, aliongea kama zamani. Kikao cha Bunge kilifunguliwa tarehe 7 Agosti, na tarehe 1 Novemba sheria ile ya madini ya fedha ikafutwa. Katikati ya hayo, tarehe 9 Septemba, mke wake Frances alijifungua binti, Esther, mtoto pekee wa rais aliyezaliwa ndani ya Ikulu ya Marekani. Yaani wakati mume anakatwa taya, mama alikuwa na mimba ya miezi 7, yuko Gray Gables, akiwajibu waliouliza boti mbona haijafika.

Siri ilitokea kwa daktari wa meno. Hasbrouck alikuwa na miadi ya kumpa nusukaputi mgonjwa mwingine, akachelewa kwa sababu boti haikumshusha kwa wakati, na ilipobidi ajieleze kwa daktari aliyemsubiri, akajieleza kupita kiasi. Habari ikamfikia mwandishi E. J. Edwards, akaithibitisha kwa Hasbrouck mwenyewe, ikachapwa katika Philadelphia Press tarehe 29 Agosti. Watu wa rais walikana. Magazeti mengine yakamshambulia Edwards kama mzushi. Na rais alikuwa yuko pale, ananguruma kwa sauti yake, masharubu yako mahali pake. Nani angeamini mtu huyo hana nusu ya taya?

Edwards aliishi na jina la mwongo kwa miaka 24. Cleveland alifariki mwaka 1908, na mwaka 1917 Keen, akiwa ndiye mmoja wa wachache waliobaki, aliandika simulizi yote na kumsafisha. Uvimbe wenyewe umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Mütter, Philadelphia, ndani ya chupa. Wataalamu walioupima upya karne ya 20 walikuta ni aina ya saratani inayokua polepole na mara chache husambaa, jambo linaloeleza kwa nini aliishi miaka 15 zaidi.

Sasa swali lako la pili: inafichikaje? Ukilitazama tukio la Cleveland utaona vitu vinne vilivyoshikana. Kulikuwa na mahali ambapo kutoweka kwa siku tano hakumshangazi mtu. Kulikuwa na ugonjwa mdogo wa kweli wa kusingizia ule mkubwa. Kile ambacho umma hukitambua, yaani uso na sauti, hakikuguswa au kilirekebishwa mapema. Na waliojua walikuwa wachache na wote walikuwa na cha kupoteza, isipokuwa mmoja mwenye miadi mingine. Viongozi wengine waliojaribu walifaulu au kuumbuka kutegemea lipi kati ya hayo manne walilikosa.

Franklin Roosevelt, rais mwingine wa Marekani, ni wa peke yake, kwa kuwa yeye hakuficha kwamba aliugua. Kila Mmarekani alijua alipata polio mwaka 1921, akiwa na miaka 39. Alichoficha ni kiasi. Watu waliamini anachechemea, kumbe alikuwa hawezi kusimama bila msaada. Miguuni alivaa vyuma vilivyoanzia juu ya mapaja hadi viatuni, vyenye uzito wa karibu kilo 4 na nusu, vimepakwa rangi nyeusi vifanane na soksi na viatu, na suruali zake zilishonwa ndefu. Magotini palikuwa na komeo. Akiwa amekaa, miguu imekunja. Akitaka kusimama, vyuma hunyooshwa, makomeo yanafungwa, kisha anainuliwa akiwa mgumu kama mti.

Kutembea kwake kulikuwa ufundi. Mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine umekamata mkono wa mwanawe au mlinzi, ambao ulipaswa kukunjwa kwenye kiwiko na kukazwa kama bomba la chuma. Anahamishia uzito upande mmoja, anarusha nyonga, mguu unafuata. Hatua baada ya hatua, huku anacheka na kuongea ili watu watazame uso. Kiti chake cha magurudumu kilikuwa kiti cha kawaida cha mezani kilichokatwa miguu na kuwekewa magurudumu, chembamba, kisichofanana na cha hospitali. Gari lake lilikuwa na mikono ya kuendeshea badala ya pedali.

Makomeo hayo yaliwahi kumsaliti. Tarehe 27 Juni 1936, Philadelphia, akielekea jukwaani kukubali kugombea tena, alinyoosha mkono kumsalimia mshairi Edwin Markham, akapoteza mizani, komeo moja likafyatuka, akaanguka na karatasi za hotuba zikatawanyika chini. Walinzi walimzunguka, wakamwinua, wakampangusa, wakafunga komeo, na dakika chache baadaye alikuwa anahutubia umati mkubwa. Wapigapicha waliokuwa karibu hawakupiga. Huo ulikuwa utaratibu wa enzi yake, na asiyeufuata alizuiwa na walinzi.

Ila siri ya pili ya Roosevelt, ile ya moyo, ndiyo iliyokuwa na madhara. Machi 1944 daktari kijana wa moyo, Howard Bruenn, alimpima akakuta shinikizo la damu 186 kwa 108, moyo umepanuka na unashindwa kazi. Akampa dijitalisi, dawa ya moyo, akamwambia apunguze sigara, chumvi na saa za kazi. Daktari wake mkuu, Ross McIntire, aliendelea kuutangazia umma kwamba rais ni mzima kwa umri wake, na Novemba akachaguliwa kwa mara ya nne. Tarehe 12 Aprili 1945, akiwa Warm Springs, Georgia, ameketi achorwe picha, alilalamika kichwa kinamuuma sana, akazimia. Bruenn alipima: 300 kwa 190. Jalada lake la hospitali ya jeshi la majini lilipotea na halijaonekana tena, na Bruenn mwenyewe alichapisha takwimu hizo mwaka 1970. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kwa marais hawa kilio kimefichua sehemu tu. Nyingine imesubiri kumbukumbu za daktari.

Rais Woodrow Wilson wa Marekani, kati ya vile vinne, alikosa kitu cha tatu kabisa. Kiharusi cha tarehe 2 Oktoba 1919 kilimpooza upande wote wa kushoto, na hakuna kipande cha mpira cha kuziba hilo. Njia iliyobaki ilikuwa kutomwonyesha. Mke wake Edith na daktari Cary Grayson walifunga mlango. Karatasi za mawaziri ziliingia kupitia kwa Edith, naye ndiye aliyechagua ipi imfikie mgonjwa na ipi irudi, nyingine zikirudi na mwandiko wa Edith pembeni ukieleza kile alichosema ni maamuzi ya rais. Umma uliambiwa ni uchovu wa mishipa ya fahamu.

Mwezi Desemba maseneta wawili walitumwa kwenda kuhakikisha kama rais ana akili timamu. Maandalizi yalikuwa kama ya mchezo wa kuigiza. Wilson aliegemezwa kwa mito, blanketi likavutwa hadi kidevuni likafunika mkono uliokufa, na nyaraka zikawekwa upande wa kulia, aweze kuzichukua kwa mkono mzima pale mazungumzo yatakapozihitaji. Maseneta walitoka wameridhika. Lakini nchi ilikuwa haina dereva. Mkataba wa Versailles, wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ulikataliwa na Seneti mara mbili, Novemba 1919 na Machi 1920, wakati mtu pekee aliyeweza kuafikiana na wapinzani amelala na watu wa kumwambia ukweli hawaruhusiwi kuingia. Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Lansing, aliyekuwa akiitisha vikao vya mawaziri ili kazi isilale, alilazimishwa kujiuzulu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kisa kibaya kuliko vyote katika orodha hii, kwa sababu wahusika walikuwa wanampenda mgonjwa.

Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alisaidiwa na wenye magazeti. Usiku wa tarehe 23 Juni 1953, baada ya chakula cha heshima kwa waziri mkuu wa Italia, alipata kiharusi akiwa Downing Street, kwenye makazi yake ya kazi, mbele ya wageni, ambao wengi wao waliondoka wakidhani amezidisha mvinyo. Kesho yake aliongoza kikao cha mawaziri. Wenzake waliona tu kwamba yuko kimya kuliko kawaida yake. Kisha hali ikazorota akapelekwa nyumbani kwake Chartwell. Rasimu ya taarifa ya daktari wake, Lord Moran, ilitaja tatizo la mzunguko wa damu kichwani. Wanasiasa wakalifuta, likabaki kwamba anahitaji mapumziko kamili. Wamiliki watatu wakubwa wa vyombo vya habari, marafiki zake, walihakikisha Uingereza haisomi zaidi ya hapo. Na mrithi wake, Anthony Eden? Alikuwa Boston, naye amelazwa kwa upasuaji wa mirija ya nyongo. Ikawa waziri mkuu mgonjwa na mrithi mgonjwa kwa pamoja, na serikali inaendelea kutoa matamko. Oktoba, Churchill alisimama Margate akahutubia mkutano wa chama chake. Kupona kwake kulikuwa kwa kweli, japo si kamili.

Wafaransa wana kisa chao chenye kejeli. Rais Georges Pompidou alifariki akiwa madarakani tarehe 2 Aprili 1974 kwa saratani ya damu isiyo ya kawaida, wakati Ikulu imekuwa ikitangaza mafua baada ya mafua. Uso wake ulikuwa umevimba kwa dawa za kotisoni, kila mtu anaona, hakuna anayeambiwa. François Mitterrand alipochaguliwa kuwa rais Mei 1981 aliahidi kwamba yeye atatoa taarifa ya afya kila miezi sita. Novemba ya mwaka huohuo madaktari walimkuta na saratani ya tezi dume iliyokwishaingia kwenye mifupa. Taarifa zikaendelea kutoka kila miezi sita, kwa nidhamu, zikiwa na majibu ya vipimo vya kawaida na sahihi ya daktari wake Claude Gubler, na saratani haimo. Wananchi walijua mwaka 1992, alipofanyiwa upasuaji usiofichika. Alimaliza mihula miwili, miaka 14, akafariki Januari 1996. Siku chache baadaye Gubler alichapisha kitabu, mahakama ikakizuia, na mwaka 2004 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema zuio la kudumu lilikiuka uhuru wa kujieleza. Ukisoma taarifa ya afya ya kiongozi yeyote, kwa hiyo, tafuta kipimo ambacho hakikutajwa.

Na kuna asiyeweza kuficha hata angetaka. Paul Deschanel, rais wa Ufaransa, alikuwa safarini kwa treni usiku wa tarehe 23 Mei 1920. Alikuwa amekunywa dawa ya usingizi, chumba kikawa na joto, akafungua dirisha kubwa apate hewa, akaanguka nje. Treni ilikuwa imepunguza mwendo kwa ajili ya matengenezo ya njia, na hilo ndilo lililomwokoa. Mfanyakazi wa reli alikutana na mzee amevaa nguo za kulalia, ana damu usoni, anayejitambulisha kuwa ndiye rais wa Jamhuri. Akadhani ni mlevi, akampeleka kwenye nyumba ya mlinzi wa kivuko cha reli karibu na Montargis. Inasimuliwa kwamba mke wa mlinzi alisema baadaye kuwa alijua ni bwana mkubwa, kwa vile miguu yake ilikuwa misafi. Ndani ya treni hawakugundua rais hayupo mpaka asubuhi. Nchi nzima ilicheka, nyimbo zikatungwa, na Septemba, akiwa amesumbuliwa na msongo na kukosa usingizi, alijiuzulu.

Tuje kwenye swali lako la mwisho, kama leo inawezekana. Kuficha ugonjwa kwa siku chache, inawezekana. Mwanzoni mwa Januari 2024 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Lloyd Austin, alilazwa hospitali kwa matatizo yaliyofuata matibabu ya saratani, na Ikulu ya nchi yake ilijua baada ya siku tatu. Kwa miezi ni vigumu, na kinachozuia zaidi ni sheria inayosema nani ashike kazi mgonjwa akiwa hayupo. Kamera ni kizuizi kidogo.

Nigeria ilijifunza kwa shida. Rais Umaru Yar'Adua aliondoka tarehe 23 Novemba 2009 kwenda kutibiwa Saudi Arabia, ikielezwa ni uvimbe wa ngozi inayozunguka moyo. Kwa katiba ya wakati ule, makamu angekaimu iwapo tu rais mwenyewe ameliandikia Bunge barua. Barua haikuandikwa. Wiki zikapita, hakuna picha, hakuna aliyeruhusiwa kumwona, na dalili pekee ya uhai ilikuwa mahojiano mafupi ya simu na BBC mwezi Januari. Tarehe 9 Februari 2010 mabunge yote mawili yaliamua kumfanya makamu, Goodluck Jonathan, kaimu rais, Seneti ikiyahesabu mahojiano hayo kama barua. Hoja dhaifu kisheria, lakini nchi ilikuwa haina njia nyingine. Yar'Adua alirudishwa usiku wa manane Februari hiyohiyo, hakuonekana hadharani tena, akafariki tarehe 5 Mei. Katiba ikarekebishwa mwaka huohuo: rais asipoandika barua ndani ya siku 21, Bunge linaweza kumkabidhi makamu kazi.

Marekani ilikwishaweka utaratibu wake katika rekebisho la 25 la katiba, lililopitishwa mwaka 1967. Kifungu chake cha tatu ni kifupi: rais anaandika barua ya kukabidhi, anatibiwa, anaandika barua ya kurudi. George W. Bush alikitumia mara mbili, mwaka 2002 na 2007, kwa uchunguzi wa utumbo mpana. Tarehe 19 Novemba 2021 Joe Biden alifanya vivyo hivyo. Barua ya kwanza ilitoka saa 4:10 asubuhi, ya pili saa 5:35, na kwa dakika 85 hizo makamu wake, Kamala Harris, alikuwa mwanamke wa kwanza kushika mamlaka ya urais wa nchi hiyo, akiwa ofisini kwake, wakati rais amelala chini ya nusukaputi.